Kikokotoo cha TRA cha Kodi ya Magari: Kinachosema na Kinachonyamazia

Yeyote anayefikiria kuagiza gari lililotumika kutoka Japani ana bei mbili za kuzijua kabla hajatuma fedha. Ya kwanza ni bei ya gari lenyewe hadi bandari ya Dar es Salaam, na hiyo muuzaji atampa siku hiyo hiyo, tena kwa bashasha. Ya pili ni kodi, ambayo muuzaji hahusiki nayo hata kidogo, na ambayo kwa magari mengi tunayoyaona mitaani hukaribia bei ya gari au huipita. Kwa ajili ya swali hilo la pili Mamlaka ya Mapato Tanzania iliweka mtandaoni mfumo wa kuthamini magari yaliyotumika, ambao kifupi chake rasmi ni UMVVS na ambao wengi tunaujua kama kikokotoo cha TRA. Hauna malipo, hauhitaji kujisajili, na hufunguka hata kwenye simu ya kawaida.

Nimeutumia kwa muda mrefu, kwa mahitaji yangu na kwa ajili ya ndugu na majirani wanaokuja na picha ya gari kwenye simu na swali moja: hili kodi yake ngapi? Hukumu yangu niitangulize ili msomaji mwenye haraka asilazimike kufika mwisho. Kati ya huduma zote za forodha zilizohamia mtandaoni katika miaka hii, sijaona nyingine iliyomfikia mwananchi wa kawaida kwa kiasi hiki, na ningemshauri kila mwagizaji aanzie hapo. Pamoja na hayo, mfumo huu una upungufu mmoja mkubwa na mingine midogo. Ule mkubwa ni kwamba hutaja thamani ya gari bila kuonyesha imeipata wapi, na kwa kuwa kodi zote hujengwa juu ya thamani hiyo, ukimya huo si jambo dogo.

Fomu yenyewe ni fupi. Mtumiaji huchagua kampuni iliyotengeneza gari, jina la toleo, umbo la bodi, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, aina ya mafuta na ukubwa wa injini, na hatua moja hufungua machaguo ya hatua inayofuata, kwa hiyo ni vigumu kuingiza kitu ambacho hakimo katika hifadhidata. Maandishi ya fomu ni ya Kiingereza, jambo ambalo kwa huduma inayolenga umma wa Tanzania lingepaswa kuwa limerekebishwa siku nyingi, ingawa kwa kweli anayenunua gari Japani huwa ameshazoea maneno hayo kwenye kurasa za wauzaji. Matokeo huja kama jedwali: thamani ya forodha kwa dola za Marekani, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, ushuru wa bidhaa unaotokana na umri wa gari, kodi ya ongezeko la thamani, ada ya forodha, tozo ya maendeleo ya reli, kisha jumla kwa dola na kwa shilingi, na baada yake ada ya usajili. Mpangilio huo wa mistari ndio unaonifanya niuheshimu mfumo. Ungeweza kutoa jumla peke yake, na watu wangeridhika; badala yake unamwonyesha mlipaji kila kodi kwa jina lake, na mwenye kalamu na karatasi anaweza kuhakiki hesabu yote mwenyewe.

Tufanye hivyo hapa, kwa sababu ndani ya hesabu hiyo mna mambo ambayo jedwali halisemi kwa sauti. Tuchukue gari la mfano ambalo mfumo umelipa thamani ya dola 4,000 pamoja na bima na nauli ya meli, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,496 kama iliyomo kwenye Toyota IST nyingi, na lililotengenezwa zaidi ya miaka 10 iliyopita. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani hiyo, yaani dola 1,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi sentimita 1,000 lakini haijazidi 2,000 ni asilimia 5, lakini hautozwi juu ya 4,000 bali juu ya 5,000, kwa kuwa ushuru wa forodha umeshaingizwa katika kapu. Hiyo ni dola 250. Kisha unakuja ule ushuru wa umri wa gari, au ushuru wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari dogo lililopita miaka 10, nao pia juu ya 5,000: dola 1,500. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya mkusanyiko wa vyote vilivyotangulia, ambao sasa umefika 6,750, na hivyo kuongeza takriban dola 1,215. Ada ya forodha ya asilimia 0.6 na tozo ya reli, tukiichukulia kuwa asilimia 1.5, huongeza kama dola 84. Jumla inakaribia dola 4,050, ambayo ni zaidi kidogo ya thamani ya gari lenyewe.

Badilisha kitu kimoja tu, umri, na uone kinachotokea. Gari hilo hilo, kwa thamani hiyo hiyo, likiwa na miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15 ya uchakavu badala ya 30, na jumla hushuka hadi karibu dola 3,160. Likiwa halijafikisha miaka 8, ushuru wa uchakavu haupo kabisa, na jumla ni kama dola 2,280. Kila ngazi ya umri, kwa gari la thamani hii, ni takriban dola 885, kwa sababu ushuru wa uchakavu huja na mkia wake wa kodi ya ongezeko la thamani. Sasa rudisha umri ulivyokuwa na ubadilishe injini. Ukiweka injini ya sentimita 996 ya Toyota Passo, ambayo haina ushuru wa bidhaa wa injini, unaokoa kama dola 295 tu. Ukipanda hadi injini ya sentimita 2,362 ya Harrier ya zamani, yenye asilimia 10, unaongeza kiasi hicho hicho cha 295. Watu wengi wanaoniuliza huhangaika na ukubwa wa injini, wakati katika jedwali hili umri wa gari unauma mara tatu zaidi. Ni kweli kwamba gari la umri mdogo huwa na thamani kubwa, kwa hiyo unafuu wa uchakavu unaweza kumezwa na bei. Lakini uamuzi huo ni wa kufanya kwa kulinganisha majedwali mawili ya kikokotoo bega kwa bega, kazi ya dakika tano ambayo wanunuzi wachache huifanya.

Ili kuona mfumo huu umebadilisha nini, mtu akumbuke mambo yalivyokuwa pale ambapo thamani ya gari ilijulikana baada ya meli kufunga gati. Mwagizaji alikuwa ameshalipa Japani, gari liko uwanjani, siku za kuhifadhiwa bure zinakwisha, na thamani inajadiliwa mezani kati ya watu wawili ambao yeye hayumo. Katika pengo hilo ndimo walimoishi vishoka, wale watu wasio na leseni ya uwakala wanaojua mlango gani ubishwe na kwa kiasi gani. Mwagizaji alilipa alichoambiwa alipe, na hakuwa na njia ya kujua kilichokwenda Hazina na kilichobaki njiani. Kikokotoo hakijawafuta vishoka, lakini kimewanyang'anya bidhaa waliyokuwa wakiiuza, yaani siri ya kiwango cha kodi. Leo mtu aliyeko Tabora anaweza kumpigia wakala wa Dar es Salaam akiwa na jedwali mkononi, na mazungumzo yao huanza kwenye namba ambayo wote wawili wanaiona. Faida hii haipimwi kwa kasi ya mtandao wala kwa uzuri wa rangi za ukurasa, na ndiyo inayonifanya niusamehe mfumo mambo mengi.

Lisilosameheka kirahisi ni suala la thamani. Biashara ya kimataifa ina kanuni moja inayojulikana juu ya jambo hili, iliyowekwa katika mkataba wa ukadiriaji wa thamani wa Shirika la Biashara Duniani na kuingizwa katika Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kanuni hiyo inataka forodha ianze na thamani ya muamala, maana yake bei ambayo mnunuzi amelipa au atalipa kweli. Pale tu ambapo bei hiyo haiwezi kukubalika ndipo forodha hushuka, ngazi baada ya ngazi, kwenye bei ya bidhaa zinazofanana kabisa, kisha zinazokaribiana, kisha hesabu ya kurudi nyuma kutoka bei ya soko la ndani, kisha hesabu ya gharama za kutengeneza, na mwisho njia ya busara ambayo bado lazima ifuate misingi hiyo. Mkataba huo huo unakataza kwa maneno ya wazi kutumia thamani za chini zilizopangwa kabla, au thamani za kubuni zisizo na msingi.

Kikokotoo hakina mahali pa kuandika bei uliyolipa. Hakiulizi gari limetembea kilomita ngapi, limewahi kugongwa au la, limepakwa rangi upya au bado lina harufu ya kiwandani. Magari mawili ya mwaka mmoja na injini moja, moja la bibi wa Osaka aliyekuwa akienda nalo sokoni na lingine lililozunguka mjini likisambaza mizigo, hupewa thamani moja. Naelewa kwa nini. Ankara ya gari lililotumika ni karatasi rahisi mno kughushi, muuzaji yuko tayari kuandika bei mbili, na hakuna ofisi ya forodha yenye watu wa kutosha kuchunguza kila ankara ya kila gari linaloshuka. Hifadhidata ya bei ni jibu la kiutendaji kwa udanganyifu halisi, na nchi nyingi zenye soko kubwa la magari ya mitumba zina aina fulani ya jedwali kama hili. Tatizo langu haliko kwenye kuwapo kwa hifadhidata. Liko kwenye ukweli kwamba namba inayotoka humo haina tarehe, haina chanzo, na haina upeo wa juu na wa chini. Je, imetokana na minada ya Japani ya mwaka huu au ya miaka mitatu iliyopita? Ni wastani wa magari mangapi? Mwenye ankara ya kweli iliyo chini ya namba hiyo, pamoja na risiti ya benki ya kuithibitisha, atabishana na nini ikiwa upande wa pili hauonyeshi hesabu yake?

Kuongeza mstari mmoja unaosema thamani hii ilirekebishwa lini na kwa kutumia soko lipi kusingehitaji teknolojia mpya. Kungetosha kuligeuza jedwali kutoka tamko na kuwa hoja inayoweza kujibiwa. Hili, kwa maoni yangu, ndilo linalosahaulika pale watu wanapozungumzia forodha ya kidijitali kana kwamba kuhamisha meza kuingia kwenye kompyuta kunatosha: afisa wa zamani angalau ungeweza kumwuliza kwa nini.

Upungufu wa pili ni wa tarehe, na huu unaweza kugharimu fedha nyingi bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mfumo huuliza mwaka wa kutengenezwa, lakini hauulizi gari litafika lini, kwa hiyo hujibu kana kwamba liko bandarini leo. Ushuru, kwa mujibu wa sheria, hufuata hali ilivyo pale gari linapoingizwa kwa matumizi ya nyumbani, si pale lilipolipiwa. Chukua gari la mwaka 2015 lililonunuliwa Novemba 2025. Mnunuzi anafungua kikokotoo, anaona gari la miaka 10, uchakavu asilimia 15, anaridhika na kutuma fedha. Muuzaji anasubiri meli, meli inachukua wiki kadhaa baharini, na nyaraka zinapowasilishwa mwaka umegeuka na gari limeingia ngazi ya juu. Kwa gari la mfano wetu, hizo ni dola 885 ambazo hazikuwamo katika bajeti ya mtu yeyote. Kisanduku kimoja cha mwezi wa kutarajia kufika, pamoja na onyo kwamba gari litavuka ngazi ya umri, kingeondoa msiba huu wote. Hadi kitakapowekwa, anayenunua katika robo ya mwisho ya mwaka na afanye hesabu mbili, moja kwa mwaka huu na nyingine kwa kuongeza mwaka mmoja kwenye umri wa gari.

Kuna mtego mwingine unaokaa jirani na huo. Hati ya Japani ya kuliruhusu gari kusafirishwa nje huonyesha mwezi na mwaka liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, na tarehe hiyo si lazima iwe sawa na ya kutengenezwa. Gari lililotoka kiwandani mwishoni mwa mwaka mmoja laweza kusajiliwa mwaka unaofuata. Kikokotoo kinataka mwaka wa kutengenezwa, ilhali matangazo mengi ya mauzo huandika kwa herufi kubwa mwaka wa usajili na kuacha ule mwingine katika maelezo madogo ya chini. Mwenye kutegemea picha ya tangazo pekee anaweza kujikuta amekokotoa kodi ya gari ambalo si lake. Namba ya chesisi ndiyo shahidi wa kutegemewa, na muuzaji makini ataitoa kabla ya malipo ukimwomba.

Kuhusu sarafu sina mengi. Thamani iko kwa dola, jumla hubadilishwa kuwa shilingi kwa kiwango cha siku, na kiwango hicho hakitulii. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,330. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Kodi ya dola 4,050 katika nyakati hizo mbili inatofautiana kwa zaidi ya shilingi milioni moja. Hilo si kosa la mfumo, ila wale wanaohifadhi picha ya skrini na kuirudia miezi minne baadaye kana kwamba ni mkataba wanapaswa kulijua. Vivyo hivyo kwa viwango vya kodi vyenyewe, ambavyo hupitiwa kila mwaka kwa Sheria ya Fedha inayoanza kutumika Julai.

Na kwa kweli jedwali la kikokotoo si mkataba. Makubaliano ya Uwezeshaji Biashara ya Shirika la Biashara Duniani, yaliyoanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, yanazitaka nchi wanachama zitoe uamuzi wa awali wenye nguvu ya kuifunga forodha pale mfanyabiashara anapoomba kujua bidhaa yake itawekwa katika kundi gani la ushuru au itahesabiwa kuwa imetoka nchi gani. Kuhusu njia ya kukadiria thamani, makubaliano hayo yanahimiza tu, hayalazimishi. Kikokotoo kinasimama mahali pa ajabu kati ya hayo mawili: ni taarifa ya awali inayotolewa na mamlaka yenyewe, juu ya jambo hasa ambalo mwagizaji anahitaji uhakika nalo, lakini haina nguvu ya uamuzi wa awali. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuiona tofauti hiyo kwenye skrini, kwa sababu jedwali lenye senti hadi tarakimu mbili baada ya nukta lina sura ya kitu kilichokwisha kuamuliwa.

Mtumiaji mgeni ajue pia kwamba jumla ya kikokotoo si jumla ya gharama zote za kulitoa gari. Ndani yake hamna malipo ya wakala wa meli ya hati ya kuruhusu mzigo, hamna gharama za bandari, hamna za kuhifadhi pale siku za bure zinapopita, hamna ujira wa wakala wa forodha, wala bima ya kuliendeshea gari hadi nyumbani. Hakuna anayeweza kuilaumu TRA kwa kutokokotoa fedha zisizo zake, lakini sentensi moja ya tahadhari ingewasaidia wanaofika bandarini na hesabu ya kodi peke yake. Mfumo hauhusiki pia na gari jipya kabisa, na haumfai anayepitisha gari kwenda Zambia au Kongo; yale magari ya IT (yaani yanayopita tu nchini) tunayopishana nayo kwenye barabara ya Tunduma yako chini ya utaratibu wa mizigo ya nchi jirani, ambako kodi hulipwa mwisho wa safari. Vilevile, magari ya toleo lisilo la kawaida mara nyingine hayamo kwenye orodha, na hapo hakuna njia isipokuwa kuuliza ofisi ya forodha moja kwa moja.

Baada ya kikokotoo, safari inaingia katika mifumo ambayo mwagizaji haioni. Wakala mwenye leseni huwasilisha tamko la mzigo kwenye TANCIS, mfumo wa kompyuta wa forodha uliochukua nafasi ya ASYCUDA++ mwaka 2014 na uliojengwa kwa ushirikiano na Korea Kusini kwa kufuata mfumo wao wa UNI-PASS. ASYCUDA, kwa wasioifahamu, ni programu ya Umoja wa Mataifa iliyoanza mwaka 1981 na ambayo matoleo yake bado yanaendesha forodha za nchi nyingi, zikiwamo Uganda, Rwanda na Burundi. TANCIS hupima hatari ya kila tamko na kuamua mzigo upi upite kwa nyaraka na upi ukaguliwe kwa macho. Vibali vya taasisi nyingine vinapitia Mfumo wa Dirisha Moja la Kielektroniki, wazo ambalo Singapore ililitekeleza tangu tarehe 1 Januari 1989 kwa mfumo wake wa TradeNet, na ambalo kwetu limefika baada ya zaidi ya miaka 30. Malipo hufanywa kwa namba maalumu ya kumbukumbu, benki au kwa simu, na fedha huingia serikalini bila kupita mkononi mwa mtu. Hatua hii ya malipo, kwa uzoefu wangu, ndiyo iliyo laini kuliko zote.

Kinachonishangaza ni kwamba mlango wa umma unafungwa mara tu kikokotoo kinapofungwa. Mwananchi anaweza kujua kodi ya gari lolote linaloelea baharini, ila la kwake likishafika, habari za limefikia hatua gani hulazimika kuziomba kwa wakala, ambaye ana akaunti ya kuingilia katika mfumo. Wakala mwema atakujibu ndani ya saa moja. Wakala mwenye wateja wengi atakujibu "bado mfumo" na wewe huna njia ya kujua kama ni mfumo kweli. Ingekuwa vyema namba ya chesisi au ya hati ya shehena imruhusu mwenye mali kuona hatua iliyofikiwa, hata kama haoni kitu kingine chochote.

Tukilinganisha na majirani, Tanzania inasimama vizuri. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 na hukokotoa kodi kwa kuanzia orodha ya bei za rejareja za magari yakiwa mapya, kisha kupunguza kwa uchakavu. Njia hiyo ina sifa moja ambayo kikokotoo chetu hakina, kwani orodha ni waraka unaoweza kusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mtu akaona gari lake limewekwa wapi kulinganisha na mengine. Uganda, ambayo mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, nayo hutangaza thamani elekezi kwa orodha. Kwa urahisi wa matumizi, jedwali la TRA linawashinda wote wawili: halihitaji mtu kujua kanuni yoyote. Kwa uwazi wa chanzo cha thamani, orodha ndefu ya Nairobi, pamoja na uchoshi wake, inatupita.

Mwenye kutoridhika na thamani aliyopangiwa ana haki ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya Jumuiya kinampa siku 30 tangu siku ya uamuzi kumwandikia Kamishna akiomba mapitio, akieleza sababu zake. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu ndani ya muda huo sheria inahesabu kwamba ombi limekubaliwa. Asiyeridhika na jibu anaweza kwenda kwenye baraza la rufani za kodi. Katika jedwali la matokeo sijaona panapotajwa haki hii. Kwa hiyo anayetumia kikokotoo ahifadhi nakala ya jedwali lenye tarehe siku anayonunua, aiweke pamoja na ankara, risiti ya benki na hati ya Japani ya kusafirishia gari, na ahakikishe malipo yote kwa muuzaji yamepitia benki kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu hizo ndizo karatasi ambazo Kamishna atazihitaji ili kuipima bei ya kweli dhidi ya bei ya hifadhidata.